Kagua nakala kwanza, ndipo uihukumu filamu ya zamani

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani umekuwa ukichapa maoni ya wasomaji waliorudi kwenye filamu, tamthilia na riwaya za zamani wakatoka wamevunjika moyo. Malalamiko yao yanafanana: sinema isiyo na sauti inakwenda mbio mpaka inachekesha, tamthilia ya anga za juu inabadilisha wahusika bila maelezo, riwaya ya baharini haishikani. Siwapingi kuhusu walichokiona. Ila mara nyingi kosa ni la nakala iliyowafikia au la televisheni iliyowaonyesha, na yote mawili yanaweza kukaguliwa kwa dakika tano kabla mtu hajaketi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Nosferatu, filamu ya Kijerumani ya kutisha iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin, Machi 1922. Filamu ghafi za siku zile zilihitaji mwanga mwingi, kwa hiyo matukio ya usiku yalipigwa mchana, jua likiwaka. Baadaye nakala za kuonyesha zilitiwa rangi: buluu kwa usiku, kahawia ya njano kwa mchana na vyumba vyenye taa, waridi kwa mapambazuko. Mtazamaji wa wakati ule aliiona buluu akajua kumekuchwa. Sasa chukua nakala iliyoondolewa rangi hizo. Mnyonya damu anavuka mji amekumbatia jeneza lake huku vivuli vya jua vikionekana wazi ukutani, halafu mwisho wa filamu jua lile lile linamuua. Anayeitazama hivyo ana haki ya kusema hadithi haina mantiki.

Nakala za namna hiyo zimezagaa kwa sababu filamu ilitengenezwa bila kibali cha wenye haki za riwaya ya Dracula. Mjane wa mwandishi wake, Bram Stoker, alishitaki, na mwaka 1925 mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe. Zilizosalimika zilikuwa zimekwisha kusafiri nje, zikanakiliwa, na nakala zake zikanakiliwa tena, nyingi kwa filamu nyeusi na nyeupe tu. Tafuta toleo lililokarabatiwa lenye rangi na linalokaribia dakika 94. Kipimo cha haraka ni usiku wa nyumba ya wageni njiani, pale fisi anaporandaranda nje na farasi wakatimua mbio. Ikiwa hapo picha bado ni ya kijivu, funga utafute nakala nyingine.

Kuhusu kasi: kamera za sinema ya kimya zilizungushwa kwa mkono, na fremu, yaani picha moja moja, zilizopigwa kwa sekunde moja zilikuwa kati ya 16 na 24 hivi, kutegemea mpigapicha na tukio. Sinema zenye sauti zilipokuja, mitambo ilifungwa kwenye fremu 24. Filamu iliyopigwa kwa fremu 18 ikionyeshwa kwa 24 inakwenda kasi kwa theluthi moja zaidi, na dakika 90 zinageuka 67 na nusu. Watu wanatembea kwa kurukaruka, na huzuni yote inayeyuka. Kama nakala uliyo nayo ni hiyo tu, ifungue katika VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, uweke kasi ya 0.75. Muziki uliobandikwa utavurugika, kwa hiyo uzime. Ni afadhali ukimya kuliko waombolezaji wanaokimbia.

Urefu wa filamu ndio ushahidi wa kwanza wa kuangalia, na hakuna filamu inayolifundisha hilo kama Metropolis, filamu ya kimya ya Kijerumani. Ilipozinduliwa Berlin tarehe 10 Januari 1927 ilikuwa na takriban dakika 153. Wasambazaji waliikata muda mfupi baadaye, na kwa miaka themanini watu waliijadili filamu ambayo hawajaiona yote. Toleo la 1984 lenye muziki wa pop lina dakika 83 hivi. Toleo la 2001 lina kama 124. Mwaka 2008 ikagunduliwa katika jumba la makumbusho ya filamu la Buenos Aires nakala ya milimita 16 yenye karibu kila kitu kilichokosekana, na toleo la 2010 likarudisha takriban dakika 25, likafika kama 148. Vipande vilivyorudishwa utavitambua bila kuambiwa: vina mikwaruzo ya wima kama mvua, na umbo la fremu yake ni tofauti kidogo kwa sababu ilipunguzwa ilipohamishiwa kwenye filamu nyembamba. Usivikimbie. Ndani yake ndimo alimo Mtu Mwembamba anayetumwa kumpeleleza kijana wa tajiri, na ndimo mfanyakazi namba 11811 anapopewa nguo za kitajiri na fedha akapotelea kwenye starehe badala ya kutimiza ahadi. Bila wao, nusu ya filamu ni watu wanaokimbia huku na kule bila sababu. Aliyeona dakika 83 akasema hadithi ni hafifu amesema kweli kuhusu dakika 83.

King Kong ya 1933 nayo ilikatwa ilipotolewa upya mwaka 1938, wakati kanuni za maadili za Hollywood zilipokuwa zimeshika kasi. Kong akiwatafuna watu na kuwakanyaga kwenye matope, Kong akimvua mwanamke vipande vya nguo, vyote viliondolewa, na vilirudishwa miongo kadhaa baadaye. Nakala kamili ni dakika 100, na ikiwa na muziki wa utangulizi huongezeka kidogo.

Sasa televisheni. Tamthilia karibu zote zilizotengenezwa kabla ya miaka ya mwisho ya 1990 zilipigwa kwa umbo la 4:3, yaani upana wa nne kwa kimo cha tatu, na filamu za Hollywood za kati ya 1932 na 1953 ni za umbo linalokaribiana nalo. Skrini za leo ni 16:9. Kuna njia mbili za kuijaza skrini kwa nguvu, na zote mbili ni uharibifu. Ya kwanza ni kuivuta picha, nayo humfanya kila mtu awe mnene kwa theluthi moja. Ya pili ni kuikata juu na chini, nayo hutupa robo nzima ya picha. Ile ya kuvuta unaigundua kwa kutazama kitu cha duara: gurudumu, saa ya ukutani, tundu la bunduki kwenye utangulizi wa filamu ya kijasusi. Kama duara limegeuka yai, chukua rimoti, ingia kwenye ukubwa wa picha, chagua 4:3 au umbo la asili. Kwenye VLC bonyeza herufi A mpaka duara liwe duara.

Ile ya kukata haionekani kirahisi, maana huwezi kuona kisichokuwepo. Dalili ni vipaji vya nyuso vilivyokatwa na mikono inayofanya kazi chini ya ukingo wa picha. Huduma moja kubwa ya mtandaoni ilipoanza kuonyesha The Simpsons mwaka 2019, vipindi vya zamani vilikuwa vimekatwa hivyo. Katika kimoja wahusika wanatembelea kiwanda cha bia. Kuna mapipa matatu yenye majina matatu tofauti, na kichekesho chote kiko juu ya mapipa, kwani yote matatu yanajazwa kutoka bomba moja. Bomba likakatwa, mtazamaji akabaki na mapipa matatu ya kawaida. Malalamiko yalikuwa mengi, na Mei 2020 huduma ile ikaongeza chaguo la umbo la asili, ambalo mtazamaji lazima alitafute na kuliwasha. Kwa hiyo usidhani kwamba kilichofunguka chenyewe ndicho kilichotengenezwa.

Filamu za skrini pana zina balaa la kinyume. CinemaScope ilipoingia mwaka 1953, upana ukawa zaidi ya mara mbili ya kimo. Ili kuzionyesha kwenye televisheni za 4:3, vituo vilikata pande, na filamu yenye upana wa mara 2.35 ya kimo inapoteza takriban asilimia 43 ya picha. Filamu za mapigano za Hong Kong na za farasi na bastola za Italia ndizo zilizoumia zaidi, kwa kuwa waongozaji wake walipenda kuweka mahasimu kwenye kingo mbili za picha na utupu katikati. Kanda nyingi za zamani zinaonyesha utupu huo na ncha za pua mbili. Mistari myeusi juu na chini ya filamu kama hizi iacheni ilipo. Ndiyo inayowaletea picha nzima.

Babylon 5, tamthilia ya anga za juu (1993 hadi 1998), ina fumbo lake ambalo huwachanganya hata wapenzi wa siku nyingi. Waigizaji walipigwa kwa filamu yenye nafasi ya ziada pembeni, kwa matumaini kwamba siku moja televisheni zitapanuka. Picha za kompyuta, yaani meli na vita vya angani, zilitengenezwa kwa 4:3 na kwa ubora wa video tu. Matoleo ya DVD ya umbo pana yakalazimika kuzikuza na kuzikata picha hizo, na kila mahali mwigizaji alipounganishwa na kompyuta, hata kwa sekunde mbili, picha nzima inafifia ghafla kisha inarudi safi. Toleo la 2021 lilirudi kwenye 4:3, na ndilo ninalolipendekeza bila kusita.

Star Trek: The Next Generation ilikuwa na bahati zaidi. Vipindi vyake 178 vilipigwa kwa filamu ya milimita 35 lakini vikahaririwa kwenye kanda za video, ndiyo maana matangazo ya awali yana ukungu. Kati ya 2012 na 2014 filamu hasi, yaani zile zilizopita kwenye kamera, zilitafutwa upya, zikakatwa na kuunganishwa tena kipande kwa kipande, na umbo la 4:3 likaheshimiwa. Anayeona ukungu leo anatazama uhamisho wa kanda ya zamani. Ile ya kwanza ya miaka ya 1960, kwa upande wake, ilitiwa picha mpya za angani kuanzia 2006. Diski za Blu-ray zina zote mbili, na unachagua kwenye menyu. Anza na za asili: zinafanana na mapambo ya ndani ya meli, hali zile mpya zinaonekana zimetoka karne nyingine, na ndivyo ilivyo.

Kuna mpangilio mmoja wa televisheni za kisasa ambao peke yake unatosha kuua filamu ya zamani, nao ni ule wa kulainisha mwendo. Sony huuita Motionflow, LG huuita TruMotion, na karibu kila kampuni ina jina lake. Televisheni inabuni fremu ambazo hazikupigwa na kuzichomeka kati ya zile za kweli, ili mwendo uteleze. Matokeo yake, filamu ya fremu 24 inafanana na taarifa ya habari, na seti za mbao zinaonekana mbao.

Madhara ni makubwa zaidi kwenye uhuishaji wa sanamu, ule wa kusogeza mwili wa kielelezo kidogo kidogo na kupiga fremu moja moja. Jason and the Argonauts ya 1963 ina pambano la mifupa saba, kila mmoja kiunzi kizima cha mtu, dhidi ya watu watatu. Ray Harryhausen aliifanya kazi ile peke yake kwa zaidi ya miezi minne. Kila mfupa una viungo vitano vya kusogezwa, kichwa, mikono na miguu, kwa hiyo fremu moja yenye mifupa yote saba ilihitaji misogeo 35, na ilibidi upanga wa kila mfupa ukutane na upanga wa mtu aliyekwisha kupigwa picha zamani akipigana na hewa. Kwa siku alipata wastani wa fremu 13, yaani nusu sekunde na kitu. Fremu hizi hazina ule ukungu wa mwendo ambao kitu kinachotembea huuacha kwenye filamu. Kila moja ni kali kama picha ya mnato. Televisheni inayobuni fremu hutegemea kukisia kitu kimetoka wapi kwenda wapi, na hapa inakisia vibaya: panga zinavunjika vipande hewani, mbavu zinayeyukia kwenye ukuta wa nyuma. Zima kabisa mpangilio huo. Televisheni nyingi zilizotoka baada ya 2019 zina hali ya Filmmaker Mode, inayozima ulainishaji, kuondoa ukali wa bandia na kuheshimu umbo la asili kwa mbonyezo mmoja. Na ukiwa na faili kwenye kompyuta, lipitie pambano lile fremu kwa fremu kwa herufi E ya VLC. Utaona mifupa ikipumua kwa kusubiri zamu yake, hata ile iliyo nyuma ambayo hakuna aliyetakiwa kuitazama. Manyoya ya Kong nayo hutetemeka ovyo kwa sababu vidole vya wahuishaji viliyagusa kila fremu. Kong mwenyewe, anayeonekana jitu, alikuwa kielelezo chenye urefu wa sentimita 46 hivi.

Punguza pia kile kinachoitwa kuondoa chembechembe. Chembechembe hizo, yaani vidoadoa vya asili vya filamu, ndiyo filamu yenyewe. Toleo la Blu-ray la Predator la 2010 lilisafishwa mpaka askari wakawa na ngozi za nta, na jasho la msituni, ambalo ni nusu ya hofu ya filamu ile, likapotea.

Tamthilia za Uingereza za miaka ya 1960 hadi 1980 zinahitaji neno la pekee. Desturi ilikuwa kupiga vyumba kwa kamera za video studio na mandhari ya nje kwa filamu ya milimita 16. Mhusika anafungua mlango, na picha inabadilika kutoka mwendo laini wa nusu-picha 50 kwa sekunde (kila moja ina nusu ya mistari ya picha) kuwa fremu 25 zenye chembechembe. Hiyo si hitilafu. Hitilafu ni pale faili inapounganisha nusu-picha mbili kuwa moja, na kila kinachotembea kinapata mistari iliyochanika mithili ya meno ya kitana. Kwenye VLC bonyeza D, kisha katika aina ya uondoaji wa mistari chagua Yadif (2x), si Yadif tupu. Ile yenye 2x inakurudishia mwendo wote 50, na maigizo ya studio yanapata tena uhai wake wa jukwaani. Nakala zilizopunguzwa hadi 25 kabla hazijakufikia haziponi.

Jambo jingine la nchi zenye mfumo wa televisheni wa PAL (wa picha 25 kwa sekunde): filamu za fremu 24 zilionyeshwa kwa 25, hivyo zinakwenda kasi kwa asilimia 4, filamu ya dakika 100 inaisha kwa 96, na sauti zinapanda karibu nusu toni. Usikimbilie kusema dakika nne zimekatwa. Weka kasi ya 0.96, na kwenye mipangilio ya sauti ya VLC ondoa alama ya kunyoosha muda, vinginevyo sauti itabaki juu.

Mpangilio wa vipindi ndio unaoleta yale malalamiko ya wahusika wanaobadilika. Star Trek ya kwanza ilianza kurushwa tarehe 8 Septemba 1966 kwa The Man Trap. Kipindi cha tatu kurushwa, tarehe 22, kilikuwa Where No Man Has Gone Before, ambacho kilitengenezwa mwaka uliotangulia kama jaribio la pili la kuuza tamthilia. Basi mtazamaji anamzoea daktari McCoy, halafu wiki ya tatu yupo daktari mwingine, sare ni tofauti, Uhura hayupo na Sulu ana kazi nyingine. Kituo kilichagua kuanza na kipindi chenye jini la kutisha, na vipindi vyenye picha nyingi za angani vilichelewa kukamilika; The Corbomite Maneuver, cha kwanza kutengenezwa tamthilia ilipokubaliwa, kilirushwa Novemba. Fuata mpangilio wa utengenezaji kwa msimu wa kwanza na fumbo lote linafumbuka. Kwa misimu miwili inayofuata haidhuru sana.

The Prisoner, tamthilia ya Uingereza ya mfungwa katika kijiji cha ajabu, ni kesi ngumu zaidi. Ina vipindi 17, vilivyorushwa 1967 na 1968, na wapenzi hawajakubaliana mpaka leo. Yenye uhakika ni mawili: Arrival kwanza, na Once Upon a Time ikifuatiwa na Fall Out mwishoni. Katikati, hoja yenye nguvu ni ya kusogeza Dance of the Dead kutoka nafasi ya nane kwenda ya pili, kwa kuwa humo mfungwa anajieleza kama mgeni kijijini. Mimi naunga mkono. Tamthilia za visa vinavyojitegemea hazina shida hii, ila The Twilight Zone ina jambo la kujua mapema: kati ya vipindi vyake 156, sita vya msimu wa pili vilirekodiwa kwa kanda ya video ili kubana matumizi, na vinaonekana hafifu hata kwenye diski bora. Msimu wa nne una vipindi 18 vya saa nzima. Mgeni asianzie hapo.

Angalia pia dakika za kila kipindi. Tamthilia ya Marekani ya saa moja katika miaka ya 1960 ilikuwa na dakika 50 hivi bila matangazo. Ukikutana na kipindi cha dakika 43, kilikatwa baadaye ili matangazo yaongezwe, na kinachokatwa kwanza huwa ni mazungumzo ya utulivu yanayotufanya tuwajali wahusika.

Mengine yamepotea kweli. BBC ilifuta kanda za tamthilia yake ya Doctor Who za miaka ya 1960 kwa kuwa kanda zilikuwa ghali na zilitumika tena, na mikataba ya waigizaji ilibana marudio. Mwaka 2013 vilitangazwa vipindi tisa vilivyopatikana Jos, Nigeria, na baada ya hapo hesabu ya vilivyokosekana ikabaki 97. Hata hivyo sauti za vyote zipo, kwa sababu watazamaji walirekodi nyumbani kutoka kwenye televisheni. Kwa hiyo hadithi isiyokamilika isirukwe: sikiliza sauti yenye msimulizi, au tazama uhuishaji uliowekwa juu ya sauti ile. Ninaona sauti peke yake ni bora, maana maigizo ya enzi hizo yaliegemea sana maneno.

Tukiwa kwenye sauti: filamu za Italia na za Hong Kong za miaka ya 1960 na 1970 kwa kawaida zilipigwa bila kurekodi mazungumzo, na sauti ziliwekwa baadaye kwa kila lugha. Midomo haitalingana kikamilifu katika lugha yoyote, basi msiihesabu kuwa ni kasoro ya nakala yenu. Chagua mono ya asili (sauti ya njia moja) ikiwepo. Matoleo mapya ya njia sita za sauti mara nyingi yamebadilisha milio ya bastola na makofi kwa milio ya siku hizi. Katika toleo refu la The Good, the Bad and the Ugly la 2003, Clint Eastwood na Eli Wallach walirudi kurekodi mazungumzo ya vipande vilivyoongezwa, zaidi ya miaka thelathini na mitano baadaye, na Lee Van Cleef, aliyefariki 1989, alisemewa na mwingine. Ghafla watu wale wale wana koo za wazee. Nyimbo nazo hubadilishwa haki zinapokuwa ghali: kwenye DVD za msimu wa pili wa Quantum Leap, wimbo wa dansi ya mwisho katika kipindi cha M.I.A. uliondolewa ukawekwa muziki usio na maana yoyote kwa tukio lile.

Riwaya zinahukumiwa kwa uonevu ule ule, na ukaguzi wake ni mwepesi: hesabu sura. Treasure Island ina sura 34, Around the World in Eighty Days 37, The Three Musketeers 67 na hitimisho, The Count of Monte Cristo 117. Kitabu chenye sura 40 za Monte Cristo kimekupa kisasi bila miaka ya kukipanga, na ndipo msomaji anaposema mhusika mkuu hana undani. Tafsiri ya Kiingereza ya Twenty Thousand Leagues ya Jules Verne iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1870 ilitupa karibu robo ya kitabu na kuharibu hesabu za Verne, na kwa kuwa haina haki miliki tena, ndiyo inayochapwa ovyo mpaka leo. Kipimo kiko pale Kapteni Nemo anapoeleza vipimo vya meli yake. Verne aliandika ujazo wa mita za ujazo 1,500 na kidogo. Ukikuta yadi za ujazo 1,500, unayo tafsiri mbovu, rudisha.

Frankenstein ipo kwa matoleo mawili halali, la 1818 na la 1831. La pili lina sura 24 mfululizo na Elizabeth, mchumba wa mhusika mkuu, ni yatima aliyelelewa. La kwanza lina juzuu tatu zinazoanza hesabu upya, na Elizabeth ni binamu. Usichanganye mjadala wa moja na mwingine. Ramani ya Treasure Island na ile ya King Solomon's Mines ni sehemu ya hadithi, na vitabu vya bei nafuu huziacha. Soma pia kwa vipande, maana nyingi zilitoka gazetini hivyo. Safari ya siku themanini inaanza tarehe 2 Oktoba na kuisha tarehe 21 Desemba 1872, na gazeti la Le Temps liliichapa Novemba na Desemba za mwaka huo huo, na sehemu za mwisho zikatoka karibu na siku ile ile safari inapoisha. Sura mbili kwa siku zinatosha.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba kila mnapoipendekeza au kuikosoa kazi ya zamani, chapeni mstari mmoja chini ya jina lake: mwaka, toleo, dakika, umbo la picha na njia ya sauti. Kwa mfano: Metropolis (1927), toleo la 2010, takriban dakika 148, 4:3. Kwa riwaya: idadi ya sura, jina la mfasiri na mwaka wa tafsiri, na kama ramani au michoro imo. Waandishi wa maoni nao waulizwe maswali hayo hayo kabla barua zao hazijachapwa.

Msomaji wenu